Ukibadili shokapu za nyuma za Subaru yako nyumbani, nati ya katikati usiiguse

Mtoto akitapika kila mnaposafiri kwenda kijijini, cha kwanza kulaumiwa ni chakula. Alikula maandazi mengi, alikunywa juisi, hakupewa ndimu ya kunusa. Safari inayofuata ananyimwa chai ya asubuhi, anapewa tangawizi atafune, na bado mkikaribia Chalinze mfuko umeshajaa.

Ni kweli kwamba watoto wa kati ya miaka miwili na 12 ndio wanaosumbuliwa zaidi na kichefuchefu cha safari, na wengi huachana nacho wakikua. Lakini kama gari lenyewe ni Subaru Impreza iliyoundwa kabla mtoto huyo hajazaliwa, na kila mkivuka tuta sehemu ya nyuma inaendelea kuyumba kama mtumbwi, basi kabla ya kwenda duka la dawa inama ukague shokapu za nyuma. Kiti cha watoto kiko karibu juu yake kabisa. Aliyeshika usukani hahisi kinachotokea huko kama anavyohisi aliyekaa nyuma.

Impreza za kwanza zilitoka mwaka 1992, na zile za toleo la pili zikaendelea hadi 2007. Kwa Afrika Mashariki jina lake lilijengwa na vumbi la Safari Rally: Colin McRae alishinda nalo Kenya mwaka 1997, Richard Burns naye mwaka 2000. Vijana waliosimama kando ya barabara wakimezwa na vumbi lile leo ni baba na mama. Baadhi yao walilinunua gari hilo kabla ya ndoa, wakajaza spika kubwa nyuma, na leo mahali pa spika pana kiti cha mtoto na makombo ya biskuti.

Hilo ndilo gari tunalolizungumzia hapa: Impreza ya zamani, ile yenye buti, isiyozidi toleo lililoishia 2007. Baada ya hapo Subaru walibadili mfumo wa nyuma, hivyo hatua zilizomo humu hazitafuata vilevile. Mwenye Forester naye asikimbilie kunakili. Baadhi ya Forester zina shokapu za nyuma zinazojiinua zenyewe gari likibeba mzigo, na ukitaka kuziondoa uweke za kawaida inabidi ubadili na springi zake.

Kazi hii inawezekana nyumbani. Inataka Jumamosi nzima, watu wazima wawili na subira. Ila ina sehemu moja ambayo ni lazima imwendee fundi, na mzazi asiyeijua sehemu hiyo ni heri asishike spana kabisa.

Springi ndiyo inayobeba

Gari likiinama nyuma utasikia watu wakisema shokapu zimeshuka. Shokapu haibebi gari. Anayebeba ni springi, na gari lililoinama kwa kudumu linataka springi zake zitazamwe kwanza.

Kazi ya shokapu ni kuituliza springi. Ndani yake mna pistoni inayosukuma oili ipite kwenye matundu madogo sana. Oili inakataa kupita haraka, na katika kukataa huko mtikisiko wa barabara unageuka kuwa joto. Ndiyo maana ukitoka kwenye barabara mbovu, shokapu inayofanya kazi huwa na joto ukiigusa. Ikiwa moja ina joto na mwenzake ni baridi, ile baridi imeshaacha kazi. (Angalia tu usishike bomba la moshi kwa bahati mbaya.)

Shokapu ikifa, springi inabaki inacheza peke yake. Tairi linarukaruka badala ya kung'ang'ania barabara, na tairi lililo hewani halina breki. Kwenye barabara ya vumbi yenye makunyanzi, nyuma ya gari inaanza kuhama upande. Kwenye lami, ukikanyaga breki ghafla kwa sababu ng'ombe amevuka, gari linachukua umbali mrefu zaidi kusimama. Hapo si habari ya kutapika tena.

Wengi hujaribu shokapu kwa kubonyeza kona ya gari kwa nguvu na kuachia. Nzima hupanda mara moja na kutulia, mbovu huendelea kucheza. Jaribio hilo si baya, ila hukamata shokapu iliyokufa kabisa. Iliyochoka nusu hulifaulu vizuri tu. Mimi naamini zaidi macho na kiganja. Chungulia nyuma ya tairi: ukiona oili imeteremka mwilini mwa shokapu na vumbi limegandia, sili imeachia. Kisha pitisha kiganja juu ya tairi kuzunguka mduara wake. Ukihisi mabonde na vilima, kama kifua cha mtu aliyekonda, tairi hilo limekuwa likidunda barabarani kwa muda mrefu.

Kununua

Badili mbili kwa pamoja, hata kama inayovuja ni moja. Ukiweka mpya kushoto ukaacha iliyochoka kulia, gari litakuwa na tabia mbili kwenye kona moja.

Shokapu za mtumba kutoka Japani zinauzwa kila mahali, kuanzia Kirinyaga Road jijini Nairobi hadi Gerezani, Dar es Salaam. Kwa taa, mlango au bampa, mtumba hauna ubaya. Kwa shokapu mimi ningejinyima kitu kingine. Sili yake ilizeeka kwenye gari la mtu usiyemjua, na rangi mpya iliyopuliziwa juu haikuambii chochote kuhusu oili iliyomo ndani.

Ukinunua mpya, nenda na namba ya chesisi. Kwenye Impreza shokapu ya nyuma ya kushoto na ya kulia hazifanani, na muuzaji mwenye haraka anaweza kukufungia mbili za upande mmoja. Za KYB, ambazo wengi huziita Kayaba, zinapatikana kwa urahisi, na kwa sababu hiyohiyo feki zake nazo zipo. Nunua kwenye duka linalotoa risiti na litakalokutambua ukirudi wiki ijayo.

Wakati huohuo nunua na vifaa vidogo vinavyokaa juu yake: maunti, yaani kile kiungo cha chuma na mpira kinachoishikiza kwenye bodi, kizuizi cha mpira kinachozuia isigonge mwisho, na gamba la kuzuia vumbi. Bei yake si kitu ukilinganisha na kulifungua gari lote tena kwa sababu ya mlio wa kodokodo.

Gari likiwa juu, watoto wako wapi?

Hili ndilo swali la kujibu kabla hujagusa jeki. Mtoto wa miaka minne anayeona miguu ya baba imetokeza chini ya gari huenda palepale, hulala kifudifudi na kuchungulia. Kwa hiyo wadogo wapelekwe kwa bibi, kwa jirani au ndani na mlango ufungwe, na awepo mtu mwenye kazi hiyo moja tu ya kuwaangalia. Anayeangalia watoto huku akipika hajaangalia watoto.

Kijana mkubwa, wa darasa la saba au sekondari, ana nafasi yake. Mpe simu apige picha ya kila kitu kabla hakijafunguliwa. Mpe kopo mbili za kuwekea nati, moja ya kushoto na moja ya kulia. Atakumbuka ni nati ipi ilikaa wapi kuliko wewe. Ila haingii chini ya gari na hakai ndani yake likiwa limeinuliwa, hata kwa dakika moja ya kuchukua redio.

Tafuta mahali pa tambarare pa saruji. Kwenye mchanga au udongo uliolowa, jeki na stendi huzama upande mmoja bila kutoa taarifa. Kama uwanja wako ni wa udongo, kazi hii ifanyie kwa ndugu mwenye sakafu.

Sasa kuna jambo ambalo hata wazoefu hulisahau. Breki ya mkono ya Impreza hushika magurudumu ya nyuma. Ukiinua nyuma, magurudumu inayoyashika yako hewani, na gari halina kinacholizuia kuserereka. Weka gia, kisha weka vigingi vya mbao au mawe makubwa mbele na nyuma ya magurudumu yote mawili ya mbele. Na usiwashe injini kwa sababu yoyote gari likiwa limeinuliwa nyuma. Impreza nyingi huendesha magurudumu yote manne, kwa hiyo yale ya mbele yaliyo chini yanaweza kulisukuma gari likaanguka.

Legeza nati za magurudumu kidogo gari likiwa bado chini. Inua kwa jeki ya magurudumu chini ya difu, weka stendi mbili chini ya sehemu zake maalumu kwenye kingo za bodi, kisha shusha gari likalie stendi. Jeki ni ya kuinulia tu. Jeki inaachia sili yake kama shokapu inavyoachia, na haina cha kukuonya. Lisukume gari kwa bega ukiwa nje. Likitikisika, anza upya. Magurudumu uliyoyatoa yalaze chini ya kingo za bodi, kushoto na kulia, ili stendi ikiteleza gari likalie tairi, si mtu.

Inua pande zote mbili za nyuma kwa pamoja. Ukiinua upande mmoja, chuma cha stabilaiza kinachounganisha pande hizo kitaendelea kuvuta, nawe utahangaika na bolti zisizotaka kutoka.

Nati tatu, na ile moja

Kwenye Impreza shokapu na springi vimeshikana. Springi imeizunguka shokapu, imebanwa kati ya sahani ya chini na maunti ya juu, na vyote hutoka kama mguu mmoja. Yapo magari, mfano BMW 3 Series za miaka ya 1990, ambayo springi ya nyuma imekaa kando na shokapu hutoka peke yake. Wenye magari hayo wana bahati. Subaru si hivyo.

Ili uzifikie nati za juu, toa kiti cha nyuma: cha kukalia kwanza, kisha cha kuegemea, pengine na ubao ulio chini ya kioo. Fanya hivi mapema, kabla hujaliinua gari. Hapo utaona kichwa cha maunti. Kina nati tatu ndogo zilizokaa kama mafiga, na katikati yake nati moja kubwa kidogo, mara nyingi imefunikwa kwa kifuniko cha plastiki.

Zile tatu ndizo zinazoushikilia mguu kwenye bodi. Hizo utazifungua. Ile ya katikati inashikilia springi isifyatuke.

Gari likiwa chini, springi moja ya nyuma ya Impreza hubeba yapata kilo 200. Ukiinua gari inalegea, lakini hailegei yote. Hata mguu ukiwa umelala sakafuni, springi bado imebanwa na inangoja. Mtu akifungua nati ya katikati, maunti, sahani na springi hutoka kama risasi kuelekea alipo, na mara nyingi alipo ni usoni, kwa sababu ameinama kuona anachofungua. Watu wamevunjika taya kwa nati hii. Mwonyeshe kijana wako kwa kidole, mwambie jina lake, na ikiwezekana ibandike utepe mwekundu.

Vipo vibanio vya springi vya kukodi, vyuma viwili virefu vyenye ndoano. Ushauri wangu ni kuviacha dukani. Vikikaa vibaya hata kidogo, au nyuzi zake zikiwa zimelika, springi hujikunja upande na kuteleza, na sasa ina nguvu kubwa kuliko mwanzo kwa sababu umeibana zaidi. Gereji nzuri ina mashine ya kusimama au ya ukutani iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Utapeleka miguu yako miwili kwenye bodaboda au gari la rafiki, fundi atahamisha springi kwenye shokapu mpya mbele ya macho yako, nawe utarudi nyumbani kuendelea.

Kutoa na kurudisha

Usiku wa kuamkia siku ya kazi, pulizia oili ya kulegeza kutu kwenye bolti za chini. Kwa gari lililoishi Tanga, Mombasa au Zanzibar, pulizia siku mbili mfululizo. Chumvi ya pwani inakaza kuliko spana yoyote.

Ondoa kwanza mpira wa breki kwenye kishikio chake. Mara nyingi ni klipu ya kuvuta kwa koleo. Kwenye baadhi ya Impreza huwezi kuutoa bila kulifungua bomba la breki lenyewe. Ukikuta hivyo, simama. Mfumo wa breki ukishafunguliwa lazima utolewe hewa, na kama hujawahi kufanya hivyo, mwite fundi aje hapo ulipo. Kama gari lina ABS, ufuatilie waya wa sensa kwa macho kuanzia gurudumuni hadi unapoishia, uone haukufungwa mahali kwenye shokapu.

Chini kuna bolti mbili kubwa zinazoushika mguu kwenye nyumba ya gurudumu. Zitie alama ya chaki ili ujue zilikaaje. Weka jeki ya pili chini ya nyumba ya gurudumu iibebe, shika kichwa cha bolti kisizunguke, fungua nati. Bolti zikigoma, zigonge kwa nyundo ya mpira au kwa nyundo ya kawaida huku umeweka kipande cha mbao. Zikitoka, nyumba ya gurudumu itataka kulala nje. Ifunge kwa kamba, isije ikaning'inia kwenye mpira wa breki.

Sasa mmoja ashike mguu kutoka chini, mwingine aingize mkono kupitia mlango wa nyuma akiwa amesimama nje, afungue nati mbili, ya tatu aimalizie taratibu mwenzake akiwa tayari. Ni mzito kuliko unavyodhani.

Ukipokea shokapu mpya, kabla ya kwenda kwa fundi zisimamishe wima na uzisukume chini na kuziachia zipande mara nne au tano. Zililala dukani, oili na hewa vimechanganyika ndani, na huko kuzipampu ndiko kunakovitenganisha.

Kurudisha ni njia ileile kinyumenyume. Nati zote zianze kwa vidole, zikishika zote ndipo spana iingie. Kwa bolti kubwa za chini, azima spana ya kupimia nguvu ya kukaza na ufuate kipimo cha kitabu cha gari lako. Kukaza kwa hasira kunaharibu nyuzi kama kulegeza kunavyopoteza bolti. Mpira wa breki uukague mara mbili: usiwe umejisokota, na usiguse tairi.

Mikanda ya viti

Hapa ndipo kazi nzuri huharibikia, maana mmeshachoka na giza linaingia. Mnaporudisha kiti cha nyuma, vifungio vya mikanda hupenda kubaki chini ya kiti. Kesho yake asubuhi mmechelewa shule, mtoto anatafuta kifungio hakioni, na mnaondoka hivyohivyo. Kabla ya kukaza bolti za kiti, toa vifungio vyote juu, ingiza kila mkanda ubofye, uvute kwa nguvu. Kiti cha mtoto mdogo kifunge upya kuanzia mwanzo. Kisisogee kushoto wala kulia ukikitikisa pale unapopita mkanda.

Safari ya kwanza iwe ya mtu mzima peke yake. Kabla ya kuondoka kanyaga pedali ya breki mara kadhaa hadi iwe ngumu. Zunguka mtaani polepole, vuka tuta, simamisha gari, sikiliza. Mlio wa kugonga kutoka nyuma mara nyingi ni nati ya juu iliyobaki legelege. Baada ya kilomita 50 hivi, kaza tena nati za magurudumu. Wiki hiyohiyo peleka gari likapimwe alaimenti ya nyuma pia, maana mguu ukifunguliwa gurudumu haliwezi kurudi palepale kwa uhakika wa jicho.

Safari ya kijijini ikifika, mpe mtoto tangawizi kama kawaida. Huenda bado ataihitaji, maana tumbo nalo lina mambo yake.

Zimebaki shokapu mbili za zamani pembeni ya ukuta. Usiziache hapo. Nyingi zina gesi iliyoshindiliwa ndani pamoja na oili, na zikitupwa kwenye moto wa takataka au zikikatwa kwa grenda zinaweza kulipuka. Watoto wa mtaani wanaookota vyuma huzipenda kwa sababu ni nzito. Zipeleke mwenyewe kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, na kabla hajazipima kwenye mizani mwambie kwamba ni za gesi.